Samaki Asiyekufa

Kambarage, Shinyanga
8 Julai 2024

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

YAH: TATHMINI YA HATARI YA SAMAKI MGENI KATIKA LAMBO LAKO

Naomba radhi kwa hicho kichwa cha barua. Nimeandika barua za ofisi miaka mingi, mkono umekwenda wenyewe, na karatasi safi nilikuwa nayo hii moja tu.

Natumaini hujambo, na Limi hajambo pamoja na tumbo lake. Nashukuru alikuja kwako kujifungua kama desturi inavyotaka kwa mtoto wa kwanza, ingawa nyumba hapa imekuwa pana mno na ugali naupika kwa kubahatisha.

Najua kwa mila yetu mimi na wewe hatuzungumzi uso kwa uso. Nilidhani simu ingetusaidia, lakini Limi ananiambia umesema sauti ya mkwe sikioni ni mbaya kuliko kumwona. Nikamwomba yeye awe mjumbe, akakataa. Anasema amechoka kuwa spika yetu. Imebaki barua, na kondakta wa basi la Ushirombo ameniahidi itafika.

Jambo lenyewe ni hili. Ofisi yetu ya uvuvi imenipa kazi ya kupima hatari ya samaki mmoja wa mapambo. Anauzwa hapa Shinyanga, Kahama, mpaka Geita, kwa ajili ya matangi ya vioo ya mahotelini na sebuleni kwa watu. Wauzaji wanamwita mlambakioo, maana hujibandika kwenye kioo akalamba ukungu wa kijani. Ngozi yake ni ngumu, ina madoa meusi, na mdomo wake uko chini ya kichwa. Kwao ni Amerika ya Kusini. Swali ninalotakiwa kujibu ni hili: akitoka tangini akaingia kwenye maji yetu, atakufa, ataishi kwa utulivu, au ataharibu.

Juzi Limi aliniambia, tena kwa kupitia tu kama mtu anayesimulia habari za mvua, kwamba lamboni kwako yumo samaki wa namna hiyo. Nilishtuka. Naomba unijibu maswali machache: ulimpata wapi, wako wangapi, wameshazaa, na unawafuga kwa ajili gani. Sitafuti kosa. Nataka kujua tu.

Mkweo mwenye heshima,
Maduhu


Ushirombo
16 Julai 2024

Mkwe wangu,

Marahaba. Milele na milele, Amina.

Jina lako nimeliandika juu ya bahasha tu, kwa sababu kondakta hawezi kupeleka barua kwa "mkwe wangu". Humu ndani haliingii.

Barua yako yenye Yah nimeipata. Sijaandikiwa Yah tangu kijiji kilipohesabu ng'ombe. Limi alicheka mpaka nikamwambia akae chini asije akajifungua kabla ya wakati. Yeye hajambo. Anakula, analala, ananikosoa ninavyopika mlenda. Kwa hiyo ni mzima.

Sasa maswali yako. Nilimpata Nyasubi, Kahama, kwa mtu mwenye saluni. Wako wangapi, sijui, samaki hawasimami mstari. Nilinunua wawili, sasa wapo wa kutosha. Kama wameshazaa, je, hilo ni swali la kumwuliza mama mkwe? Wamezaa. Tusonge mbele.

Unauliza nawafuga kwa ajili gani. Si wa kuliwa. Jirani yangu Jilala alijaribu kumpasua mmoja, kisu kikapinda, akamrudisha majini na samaki akaenda zake. Si wa kutazamwa pia, maana lambo letu ni la tope na huku hakuna mtu mwenye muda wa kutazama samaki. Wana kazi yao. Hiyo kazi ni ya kwetu huku, haiihusu ofisi.

Nikueleze jambo moja ulielewe vizuri. Lambo hili alilichimba marehemu Baba Limi, kwa jembe na kwa ng'ombe wa kukokota udongo, wakati watu wanamwita kichaa. Leo nusu ya kitongoji inateka hapo. Ofisi yako ikija na gari na watu wa viatu virefu, watu watasema Mama Limi ameuza lambo kwa serikali. Mimi mjane, jina langu ndilo ukuta wangu. Samaki waandike unavyotaka, lambo liache.

Ugali usiupike kwa kubahatisha. Maji yachemke kwanza, ndipo utie unga.

Mama Limi


Kambarage, Shinyanga
25 Julai 2024

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Nimechemsha maji kwanza. Ugali umekubali.

Nimesoma habari za lambo na nimezielewa. Sitatuma gari bila wewe kujua. Lakini na mimi nikuambie kinachonitia wasiwasi, ili usidhani namwonea samaki.

Mlambakioo hutaga mayai kwenye mashimo. Huyachimba mwenyewe kwenye kingo, marefu kama mkono wa mtu mzima. Lambo lako limezuiliwa na tuta la udongo. Tuta likishajaa mashimo, mvua kubwa hulipasua, maji yakashuka kijitoni, na samaki wakashuka nayo. Kutoka hapo hakuna wa kuwarudisha. Huvuruga mazalia ya perege na kula chakula chao, na ndege wengi humwogopa kwa sababu ya miiba yake. Katika nchi nyingine wavuvi wanavuta nyavu zimejaa yeye tu, tena zimechanika.

Mvua za vuli zitaanza miezi michache ijayo. Nikiandika kwamba hatari ni kubwa, italazimu aondolewe kabla ya hapo.

Nimebakiwa na maswali mawili. La kwanza, maji yakiwa machafu au yakipungua, huyu samaki anaonyesha dalili gani? Je, hupanda juu kuvuta hewa? Waulize wanaoteka asubuhi, wao ndio wanaomwona.

La pili ni ile kazi yake. Nikiacha pengo hapo, mkubwa wangu wa kazi ataandika "mapambo", na samaki wa mapambo kumwondoa ni jambo la siku moja. Lakini kama ana manufaa kwa watu, tathmini inatutaka tuyapime manufaa hayo pia. Nipe cha kukutetea nacho.

Msalimie Limi. Mwambie shati la bluu sijaliunguza, limeungua lenyewe.

Mkweo,
Maduhu


Ushirombo
3 Agosti 2024

Mkwe wangu,

Marahaba. Umesema utanitetea, basi nitasema.

Juu ya lambo letu, kama mwendo wa kupeleka mbuzi malishoni, kuna mialo. Wachimbaji wanaleta mchanga wao pale kuuosha na kutoa dhahabu. Wanatumia zebaki, na wengine wana matangi ya dawa ambayo hata wao hawayasogelei bila buti. Mvua ikinyesha, maji ya huko yanateremka kwetu. Watu walianza kuogopa. Wengine wakasema tuache lambo, lakini tuende wapi? Bomba la parokia liko mbali na foleni yake unaweza kusuka nywele ukamaliza.

Ndipo mimi nikasema tuweke samaki. Samaki anakaa ndani ya maji mchana kutwa, sisi tunakunywa kikombe. Akiishi yeye, na sisi tutaishi. Akifa, tunaacha siku hiyo hiyo. Wote wakakubali.

Mwanzo tuliweka perege. Masika ya kwanza wakafa wote. Tukaona ni ugeni wa maji. Tukaleta wengine, nao hivyo hivyo. Tukajaribu kambale, wale wakatambaa usiku wakaondoka zao. Nikaona perege ni dhaifu, anakufa hata kwa mawazo, na mlinzi dhaifu anatutia hofu ya bure. Siku niliyokwenda Nyasubi kumwona Mwanaima, yule wa saluni, nikaona tangi lake. Nikamwuliza, katika hawa yupo samaki asiyekufa? Akacheka, akanitolea wawili.

Tangu hapo hajafa hata mmoja. Masika yamepita, kiangazi kimepita. Tunamwita Mzee. Wanawake wakifika tutani asubuhi hawateki kwanza, wanatupa ganda la tango pale kwenye mawe. Akija wanasema, Mzee yupo, wanachota. Ulimi wa watu ukatulia, na mimi nikatulia.

Umeuliza kama hupanda juu. Hupanda. Anabugia hewa, anashuka. Siku za joto na siku maji yakiwa mazito anapanda sana, tena wengi kwa pamoja. Sisi tunasema wanasalimia.

Andika hayo kwenye tathmini yako. Samaki huyu analinda kaya nyingi, na mkeo akiwemo. Mkunga amemwambia Limi anywe maji kwa wingi, na anakunywa kweli. Namchotea mwenyewe kila asubuhi, Mzee akishakuja.

Mama Limi


Ushirombo
8 Agosti 2024

Mkwe,

Juzi umempigia simu mwanangu. Mimi nilikuwa nimeshika kata, nimemletea maji ya kunywa. Akasikiliza, akaniangalia, akasema, "Mayu, samahani, sitakunywa." Nikabaki nimesimama na kata yangu.

Nilikueleza mambo ya kwetu kwa sababu ulisema utanitetea. Sikukueleza ili umfundishe mwanangu kuyakataa maji ya nyumbani kwao mbele ya mama yake. Kwetu mtu akikataa chakula chako unaweza kusema ameshiba. Akikataa maji, amekwambia wewe ni nani.

Maji hayo nimemlea nayo. Baba yake alikufa ametoka kuyanywa, naye hakufa kwa maji, alikufa kwa moyo, daktari aliandika. Samaki yuko hai. Jana yuko hai, leo yuko hai. Una nini wewe cha kunionyesha zaidi ya samaki aliye hai?

Usiniandikie tena habari za lambo. Mtoto akizaliwa utaambiwa.

Mama Limi


(Ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Baba nanihii,

Mama amesema bahasha ina nafasi, kwa hiyo naitumia. Simu nimeizima kwa sababu sauti yako ya juzi imenitosha kwa wiki nzima. Unajua ulichosema? "Usinywe, usinywe, Limi usinywe." Basi. Hukueleza kwa nini. Nimekaa hapa na tumbo nafikiri nimeshakunywa pipa zima la kitu gani.

Mama hasemi na mimi sana. Lakini jana alijitwisha ndoo akaenda bomba la parokia, na leo tena. Anatua ndoo mbele yangu, anaondoka. Miguu imemvimba. Nikimwambia apumzike anasema anaenda kwa faida yake mwenyewe, anapenda kutembea.

Anachouliza ni kimoja tu na hujamjibu: kama samaki yuko hai, maji yana kosa gani? Hata mimi sijui. Mwandikie, hata kama amekukataza. Ila usimwandikie kama afisa, na usimwandikie kama mkwe anayetetemeka. Mwandikie kama mtu mwenye mke.

Limi wako, niliyekasirika


Kambarage, Shinyanga
13 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Ulinikataza kuandika na ninaandika. Nitakubali adhabu yake baadaye.

Barua yako ya tarehe tatu niliisoma stendi, nimesimama, nikiwa nimeipokea tu kutoka kwa kondakta. Nilipofika pale ulipoandika kwamba perege walikufa, nilikaa juu ya gunia la mtu. Nilipofika pale Limi anapokunywa, nikapiga simu. Sikufikiri. Niliogopa, Mama, sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe. Kosa langu ni kwamba nilipaswa kukuambia wewe kwanza, na nakuomba radhi kwa kukuacha umesimama na kata mkononi. Lakini nisingeweza kusubiri basi la kesho. Ikitokea tena nitapiga simu tena.

Sasa nikujibu swali lako, maana ni swali la haki.

Perege anavuta hewa iliyomo ndani ya maji tu. Hana njia nyingine. Maji yakiharibika, hewa ikipungua au dawa ikiingia, yeye ndiye wa kwanza kuanguka. Hakuwa dhaifu. Walinzi wako walikuwa wale perege. Walifanya kazi waliyotumwa, wakafa, wakakuambia.

Mlambakioo ameumbwa vingine. Hewa ya majini ikiisha, hupanda juu, hubugia hewa tunayovuta mimi na wewe, na tumbo lake huitumia. Siku za joto na siku maji yakiwa mazito ndipo anapanda zaidi, umeniandikia mwenyewe. Hasalimii, Mama. Anayakimbia maji. Ulimwomba muuzaji samaki asiyekufa, na muuzaji alikupa kweli. Kwa hiyo uhai wake haukuambii kitu.

Kuna na hili la zebaki. Zebaki haina haraka. Haimwangushi samaki leo, hukaa mwilini mwake, na mwilini mwa mtu hukaa hivyo hivyo. Mtoto aliye tumboni ndiye huumia zaidi.

Sijui lambo lako lina nini. Huenda halina kitu, na hapo nitakuja kupiga magoti nje ya uzio wako hata kwenye jua la mchana. Lakini si mimi wala samaki anayeweza kulijua kwa macho. Nimempa kondakta chupa mbili zilizosafishwa maabara. Zizamishe chini ya uso wa maji, zijae pomoni, uzifunge zikiwa bado majini. Ukizitupa nitaelewa. Ukizijaza nitashukuru maisha yangu yote.

Limi amesema nikuandikie kama mtu mwenye mke. Sina mke mwingine, wala sitaki.

Maduhu


Ushirombo
24 Agosti 2024

Mkwe wangu,

Marahaba.

Barua yako niliisoma nikaiweka. Nikaisoma tena. Sikukuamini. Mtu anaweza kuandika lolote akiwa Shinyanga.

Jumapili tulipotoka misa nikaenda tutani na tango. Mzee akaja, nikamtia kwenye ndoo. Nikatandika gunia lililolowa uani, nikamlaza juu yake, nikamfunika kwa upande wa pili wa gunia, bila maji. Nikasema, mimi si mtaalamu, lakini samaki akitolewa majini hufa, hilo hata mtoto anajua. Nikapika, nikala, nikapokea wageni. Jioni kuku wanaingia bandani nikafunua gunia. Akafungua mdomo, akanitazama kwa lile jicho lake dogo. Nikamrudisha lamboni akaogelea.

Nilikaa pale tutani mpaka Limi akaja kunitafuta. Samaki anayeishi bila maji, nimemweka anipimie maji. Niliona aibu, nakwambia ukweli, na nilikuwa peke yangu.

Kisha nikavua viatu nikaingia, nikatembea kando ya tuta nikipapasa kwa mguu chini ya maji. Mashimo yapo. Mguu wangu uliingia mpaka juu ya goti katika moja.

Chupa ziko kwa kondakta, zimefungwa kwa kanga ya zamani zisigongane. Huo usidhani ni msamaha. Zimejaa tu.

Kitongojini sijamwambia mtu bado. Mtu akija kuteka namwambia tuta linateleza, aende bombani. Wameanza kuninung'unikia. Harakisha.

Mama Limi


Kambarage, Shinyanga
17 Septemba 2024

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Wabeja kwa kumpokea mjukuu wako salama, na wabeja kwa kumlaza Limi kitandani kwako. Najua nilipokuja hospitalini kumwona mtoto ulitokea mlango wa nyuma ili tusikutane. Uji uliouacha kwenye chupa ya chai niliunywa wote. Limi alidai ni wake, lakini nikamwambia haukuwa na jina.

Majibu ya maabara yametoka. Zebaki imo, zaidi ya kiwango cha maji ya kunywa. Si kiasi cha kumwangusha mtu leo au kesho. Ni kiasi cha kuacha kunywa leo. Daktari amechukua damu ya Limi na ya mtoto. Kilichoonekana ni kidogo. Anasema kuacha mapema kumesaidia, na atataka kumwona mtoto tena kila baada ya miezi kadhaa. Nimeyasoma maneno yake mara nyingi, na nimeamua kuyaamini.

Kuhusu samaki, nimeandika kwamba hatari ni kubwa: anastahimili maji mabaya, anakaa nje ya maji, anazaa katika lambo la kawaida huko kwenu Bukombe, na anachimba tuta. Kwa kuwa mwenye lambo ni mama mkwe wangu, nimemwomba mwenzangu Ezekiel aikague tathmini yangu yote na aisaini yeye. Amekubaliana na kila kitu. Samaki waondolewe kabla ya mvua, na lambo lifungwe. Watu wa maji na wa mazingira wameshapelekewa habari za ile mialo.

Imebaki kazi moja ambayo ofisi haiiwezi. Tunaweza kubandika tangazo kwenye mti. Lakini watu waliendelea kuyanywa maji yale kwa neno lako, na sidhani kama wataacha kwa karatasi yetu. Sikuombi ufanye. Najua jina lako lina maana gani kwako, ulinieleza tangu mwanzo. Ukitaka tuseme sisi, tutasema, na jina lako halitatajwa.

Mkweo,
Maduhu


Ushirombo
20 Oktoba 2024

Mkwe wangu,

Marahaba. Mtoto hajambo. Ananyonya, analia, amechukua paji lako la uso, tumelikubali.

Hukupata jibu mapema kwa sababu nilikuwa na kazi. Nikueleze.

Niliwaita watu tutani, wote wanaoteka. Nikawaambia kwa mdomo wangu. Nikasema maji yana zebaki, yamepimwa. Nikasema perege walituonya na mimi ndiye niliyewaita dhaifu. Nikasema Mzee hajui lolote kuhusu maji, anapumua kama ng'ombe. Kisha Juliana, ana watoto wanne, yule mdogo bado anabebwa, akasimama akasema, "Mama Limi, wanangu wamekunywa kwa neno lako." Nikamwambia ndiyo. Akaketi. Kuna waliokaa wiki mbili bila kunisalimia, na wapo mpaka leo. Juliana amewapeleka watoto wake kupimwa. Nilikwenda naye, nikambebea huyo mdogo njia nzima, hakunizuia wala hakunishukuru.

Ezekiel alikuja na watu wake. Alisema tusifungue mfereji, tuache jua limalize maji machache yaliyobaki, samaki yeyote asitoroke. Wakavua kwa wavu, wakajaza mapipa, wakafukia shimoni kwa chokaa. Lambo likakauka, chini ikawa tope lililopasuka. Sisi tukadhani yamekwisha. Jilala akachukua jembe akaanza kubomoa tuta, pigo la tatu au la nne akatoa samaki kwenye shimo kavu, amelegea lakini anapumua. Wanawake waliokuwa wakisema nimepotoshwa na mkwe walikuja kumwona. Hakuna aliyecheka. Baada ya hapo kila mtu alileta jembe lake, tukabomoa tuta lote na mashimo yote mpaka mwisho, na Juliana alikuwa wa kwanza kufika kila asubuhi. Tuta la marehemu mume wangu nimelibomoa kwa mkono wangu, nikalia pale pale mbele za watu, kisha nikaendelea.

Mialo imeamriwa ihame na wengine wamehama. Wengine wanasubiri macho yageuke. Diwani ameahidi kisima kirefu, na safari hii kuna gari limekuja kupima ardhi, tumeliona. Lakini maji yoyote yatakayotoka hapa, watu wanaogopa. Juzi waliuliza, tena wote kwa pamoja: samaki ameondoka, sasa maji yakiharibika tena nani atatuambia?

Nikawaambia, mkwe wangu.

Wakasema, mkwe wako haingii hata uani kwako, atakuambiaje? Nimerudi nyumbani nimelifikiria mpaka leo. Limi na mtoto nimewanywesha maji nisiyoyajua, wewe nimekuficha uso, na kati ya vyote hivyo samaki ndiye niliyemtazama kila siku.

Kwa hiyo njoo. Kila mvua ikikatika, njoo na chupa zako. Usipitie nyuma ya uzio, pita mlango wa mbele. Nitakuwa nimekaa hapo hapo, sitajifunika wala sitaondoka. Wazee wa ukoo wakiuliza nitawajibu mimi. Na siku utakayokuta maji ni mabaya, usimpigie Limi. Niambie mimi, usoni.

Mama Limi